Kabati na Begi

Jumapili, 19 Mei 1996

Leo nimekasirika mpaka nimeshindwa kula ubwabwa, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Mama hayupo tena duniani, wadogo zangu wako Sibwesa wanavuna mpunga, na baba ukimwambia jambo la hasira anajibu kwa habari za ng'ombe. Basi nitaandika.

Ijumaa treni ilimleta Nashon, kijana wa mzee Manyanda, kutoka Dar es Salaam. Alishuka na amplifaya mpya ya gitaa la besi, zawadi kwa kwaya yetu ya Nsemulwa. Mzee Manyanda ndiye mwenyekiti wa kwaya. Mpigaji wa besi ni mimi, Kabula binti Machibya, tangu mwaka ule wavulana wote walipoondoka na mifugo na gitaa likabaki limeegemea ukuta, halina mwenyewe. Ungetegemea mpigaji ndiye aulizwe kwanza. Sikuulizwa. Nimeiona leo pamoja na watu wote, imewekwa mbele kanisani juu ya kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Mchungaji Ponsian akaiombea. Nashon akachomeka gitaa, gitaa ninalolipiga mimi, akapiga vitu vya Dar. Taa nyekundu zikaanza kucheza usoni mwa lile dude na kanisa zima likapiga makofi. Walizipigia makofi taa! Mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa, na kule nyuma noti za chini hazikufika.

Baada ya ibada mzee Manyanda akaniita. "Kabula, sasa lile kabati lenu, ile amplifaya ya zamani, tutawapelekea wenzetu wa Sitalike. Wao hawana kitu."

"Mzee, hii mpya haina chini," nikasema.

"Haina chini kivipi? Si hiyo imekaa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo maana sasa hivi najichukia.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefua kwa hasira. Shuka la baba limechanika.

Alhamisi, 23 Mei

Mazoezi ya kwaya. Nitaeleza hapa kila kitu kwa utaratibu, maana nikieleza kwa mdomo wananikatiza.

Hizi amplifaya mbili ni za kampuni moja. Jina lililoandikwa mbele ni lile lile, kwa herufi zile zile za kulala. Tofauti yao ni umri. Ya zamani aliiacha mmisionari alipoondoka, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Ni ya taa: ukichungulia kwa nyuma unaziona taa za kioo zikiwaka rangi ya kaa la moto. Haibebeki bila wanaume kadhaa wanaolalamika, na kwa sababu hiyo inaitwa Kabati. Ina vifundo vichache tu, na kimoja kimekatika, tunakizungusha kwa koleo. Ukiliwasha Kabati halisemi mpaka lipate joto. Sisi tunaliwasha kabla ya sala ya kufungua, na mchungaji akifika kwenye amina linakuwa tayari.

Mpya ni ya transista. Nashon anaibeba kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi. Nimeiita Begi kwa dharau, na jina limeshika upesi kuliko nilivyotaka, hata mchungaji analitumia. Begi lina vitufe vya kupandisha na kushusha vimejipanga kama meno, na ukiliwasha linasema hapo hapo.

Sasa sauti. Noti ya chini kabisa ya gitaa, ukiipiga kwenye Kabati, haianzii sikioni. Inaanzia miguuni, inapanda. Akina mama wa sauti ya pili wanaijua, ndiyo inayowaambia waingie. Ukiipiga kwenye Begi inakuja kifuani, ngumu, kama mtu anagonga debe. Ukiongeza sauti, Kabati linanenepa. Begi linakohoa.

Nilimwambia Nashon yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kukatizwa.

"Da Kabula, umelizoea tu Kabati," akasema. "Hili ni toleo jipya. Wenyewe wameliboresha."

"Wenyewe akina nani?"

"Si waliotengeneza. Unadhani watu wenye akili zao watoe kipya kibaya kuliko cha zamani?"

Nikamwambia mbona khanga za siku hizi zinachuja. Wanakwaya wakanitazama kana kwamba nimeugua.

Halafu mzee Manyanda akatangaza: mwezi wa nane kwaya inakwenda Mwanza kurekodi kaseti yake ya kwanza. Litakalokwenda ni Begi, na atakayekwenda nalo ni yule aliyelizoea, yaani Nashon. Besi za nyimbo zote zile nimezitunga mimi. Nimezitunga nikiwa jikoni, nikiwa napepeta mchele, nikiwa na homa. Aliyefika juzi na treni ndiye atakayezipeleka Mwanza, kwa sababu ya vitufe.

Jumapili, 2 Juni

Nashon amepiga ibada nzima. Mimi nimewekwa sauti ya pili. Sijui kuimba, na leo kila mtu amelifahamu hilo.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda dukani kwa Sauda kununua chumvi nikakaa mpaka mchana. Sauda ni jirani yetu, duka lake la khanga, manukato na kaseti linatazamana na kanisa, na yeye ana umeme, sisi hatuna. Nikamsimulia.

"Shoga, mambo ya kanisani kwenu mimi siyajui," akasema. "Ninachojua, zamani Jumapili vichupa vyangu vya manukato vilikuwa vinatetemeka rafuni, nakaa navishika. Jumapili hii vimetulia tuli. Nikadhani nyie mmehama."

Nilimrukia nikamkumbatia. Nikamwomba aje amwambie mzee Manyanda. Akasema, "Mimi Muislamu nije kutoa ushahidi kanisani juu ya chupa? Usinichekeshe."

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimebaki peke yangu baada ya mazoezi nikalipiga Begi. Nilitaka kuyaorodhesha maovu yake.

Halivumi. Kabati hata ukiwa hujagusa uzi linanguruma kama mtu anayeanza usingizi. Begi likinyamaza limenyamaza. Umeme ukishuka pale mitambo ya mji inapoelemewa, Kabati linalegea, noti zinakuwa uji. Begi linavumilia. Noti za juu kwenye Begi kila kidole kinasikika peke yake.

Na hapo ndipo nilipoudhika. Katika wimbo wetu wa mavuno kuna mahali ninapoteremka kutoka juu kwenda chini kwa haraka. Kwenye Begi nimesikia wazi kabisa kwamba noti moja pale huwa siipigi, naiparaza tu. Kabati limekuwa likinifunika siku zote hizo. Nimekaa nikairudia mpaka ikatoka safi.

Sitamwambia mtu. Lakini chini bado halina, na hapo sibanduki.

Jumamosi, 22 Juni

Kikao cha kwaya. Mchungaji Ponsian hayupo, yuko Sibwesa kwa ubatizo. Nilisimama nikasema nataka amplifaya zote mbili zipigwe mbele ya watu, na watu wenyewe waseme. Nikasema kama wakisema Begi, nitafunga mdomo na nitawafulia sare za safari.

Mzee Manyanda akaanza kucheka taratibu, mabega yanatikisika. "Basi tuziweke huku na huku," akasema. "Kama nyumbani."

Wazee wote wakaangua kicheko, hata wanaosinzia vikaoni waliamka. Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Sisi tuliozaliwa au kukulia huku Mpanda ilibidi tuelezwe, ingawa tulishasikia habari zake. Usukumani baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinacheza siku moja, uwanja mmoja, kila kikundi upande wake. Hakuna jaji. Watu wanasimama katikati halafu wanavutika. Upande utakaojaza watu ndio umeshinda, na wanaoshindwa wanaimbwa kijiji kizima. Kanisa lilikataza mambo hayo zamani, na wazee wetu wote waliyaacha walipookoka.

"Hii siyo ngoma," mzee Manyanda akasema. "Hapa tunapima vyombo tu."

Ikapangwa Saba Saba, baada ya ibada, uwanja wa shule ya msingi. Nimerudi nyumbani naruka. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nimekula nikashiba. Miguu ya watu haina upendeleo, nilimwambia Sauda. Mtu anakwenda anakosikia vizuri.

Alhamisi, 4 Julai

Baba ameniuliza Kabati litakaa upande gani wa uwanja. Sijapata kumsikia akiuliza neno lolote la muziki. Nilifurahi mpaka nikamchemshia chai ya maziwa. Nimemwonyesha: upande wa magharibi, karibu na goli. Akaitikia kwa kichwa akanywa chai yake.

Jumapili, 7 Julai

Nitaandika kabla sijalala.

Umeme ulivutwa kwa nyaya ndefu kutoka ofisi ya shule. Kabati liliwekwa magharibi, Begi mashariki, kwaya ikakatwa nusu kwa nusu. Mimi huku, Nashon kule, tupige wimbo ule ule wa mavuno, kwa pamoja. Watu walijaa katikati: waumini, watoto, Wafipa na Wakonongo wa mtaani waliosikia kuna jambo, hata Sauda alifunga duka akaja na mwavuli. Nilisubiri Kabati lipate joto. Nilikuwa na woga, lakini ule woga mzuri.

Nikapiga noti ya kwanza nikaisikia inakwenda chini ya ardhi. Nikaona akina mama wa nyuma wameinua vichwa. Wakaanza kuja. Nikasema moyoni, sikilizeni, hiki ndicho nilichokuwa nawaambia.

Wakaja wengi. Nikafumba macho nikapiga. Ule mteremko nikautoa safi, kila noti. Nilipofumbua macho nikamwona mama Immaculata amesimama mbele yangu anapiga vigelegele. Mama Immaculata! Yeye ndiye aliyesema kikaoni kwamba Kabati linampa maumivu ya kichwa na Begi ni sauti ya mbinguni. Nikatazama upande wa pili. Mzee Mabula, ambaye kila Jumapili ananiambia Kabati linamkumbusha mmisionari, amesimama kwa Nashon, mikono juu.

Nikaanza kuwahesabu kwa familia zao, mmoja mmoja. Familia za Wagalu zilikuwa kwangu, kwa sababu baba yangu alikuwa Mgalu. Familia za Wagika zilikuwa kwa Nashon, kwa sababu mzee Manyanda alikuwa Mgika. Watu waliookoka wana miaka na miaka, wanaofunga, wanaokesha wakiomba, wamewekewa pande mbili uwanjani na miguu yao imekwenda ilikofundishwa na babu zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikiliza. Ningepiga sufuria wangekuja vile vile.

Ikawa ngoma kweli. Wazee wakaanza kutimua vumbi, mtu akaleta jembe akalirusha juu na kulidaka kama Usukumani, wakaimbana majina. Wafipa walibaki katikati wanaulizana hawa wenzetu wamepatwa na nini. Niliacha kupiga. Hakuna aliyegundua kwamba nimeacha!

Upande wangu ulikuwa na watu wengi zaidi. Wakapiga kelele kwamba Kabati limeshinda, wakaamua kulibeba juu kwa juu. Walipoliinua, ardhi chini yake ilikuwa imefukuliwa na kurudishiwa, na ncha ya kitambaa cheusi imejitokeza. Mtu akakivuta. Kilikuwa kifurushi cha mizizi kimefungwa kwa uzi.

Kila Msukuma aliyekuwa pale alijua ni nini, hata sisi wa juzi. Ni dawa ya kuvuta watu. Wachezaji wa ngoma huifukia uwanjani kabla ya shindano.

Na ndipo mchungaji Ponsian alipofika na pikipiki, anatoka tena Sibwesa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akazima pikipiki. Akatazama jembe, akatazama vumbi, akatazama kile kifurushi mkononi mwa mtu.

"Hii ya nani?"

Nilidhani watanitazama mimi, na walinitazama. Lakini baba alishatoka mbele. Hakuinamisha kichwa.

"Ni yangu, mchungaji. Binti yangu alikuwa peke yake, na wenzake wana Dar es Salaam nyuma yao. Nimemsaidia."

Mzee Manyanda, yeye aliyesema tuweke huku na huku kama nyumbani, yeye niliyemwona kwa macho yangu anatimua vumbi, akashika kifua akasema, "Ee Bwana, tumeingiliwa."

Nimewahi kukasirishwa na watu wengi, lakini sijapata kumkasirikia mtu ninayempenda namna hii. Nilitaka kitu kimoja tu maishani mwangu: watu wasimame wasikie waseme. Kama wangesema Begi, ningelia, ningefua sare, ningekubali. Sasa nimeshinda na sitajua kamwe. Hata wale wachache ambao huenda walisikia kweli, nani atawatenga na mizizi ya baba?

Jumatatu, 8 Julai

Baraza la kanisa limeamua. Mimi na baba tumewekwa chini ya marudi: hatushiriki meza ya Bwana, hatuketi na kwaya, mpaka watakapoona tumetubu. Nimeuliza mimi nitubu nini. Mzee Manyanda akajibu kwamba hata swali hilo ni kiburi. Waliotimua vumbi hawakutajwa.

Kabati limetangazwa najisi. Haliendi hata Sitalike. "Lichukueni na mambo yenu," akasema mzee.

Nyumbani halipiti mlangoni, na hata likipita hatuna umeme. Sauda amefungua stoo yake. "Kama hilo jini ndilo lililokuwa linatikisa manukato yangu, tunajuana siku nyingi," akasema. "Lije."

Jumatano, 10 Julai

Sijaongea na baba.

Alhamisi, 11 Julai

Bado.

Jumapili, 14 Julai

Tumekaa nje ya kanisa, kwenye msingi wa duka la Sauda, mimi na baba, tunasikia ibada kwa mbali. Nimeshindwa kuvumilia.

"Baba, kwa nini hukuniacha nishindwe mwenyewe?"

"Nikuache ushindwe, mayu, mama yangu, huku naona?"

"Nilikuwa nashinda!"

"Si umeshinda?"

"Zimeshinda dawa zako! Mimi nani kanisikia?"

Akafikiri. Baba akifikiri anachora chini kwa fimbo. "Mimi nimekusikia," akasema. "Kila Jumapili niko pale." Halafu akaniambia yule ndama wa Sibwesa amepona mguu.

Ijumaa, 19 Julai

Tumepukuchua mahindi kutwa. Vidole vimeota malengelenge. Sugu za gitaa zimeanza kulainika na hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 1 Agosti

Wamepanda treni kwenda Mwanza. Sikwenda stesheni. Honi nimeisikia, nani asiyeisikia mji huu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Upepo, vumbi, moto wa nyika unawaka upande wa Sitalike. Sina la kusema, na hakuna anayenisemesha.

Jumanne, 20 Agosti

Kwaya imerudi jana. Leo mchana Nashon amekuja nyumbani akiwa na gitaa la besi mgongoni. Nilikuwa naanika mihogo. Sikumkaribisha kiti, akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Da Kabula, nina jambo. Ukitaka kunipiga nipige, lakini nimalize kwanza."

Akasimulia. Walifika studio, chumba kidogo kimebandikwa trei za mayai ukutani. Yeye akaliweka Begi katikati, akalifuta vumbi, akapanga vitufe. Mwenye studio akamwuliza hilo la nini. La besi, akasema. Yule bwana akachukua waya wa gitaa akauchomeka moja kwa moja kwenye mashine yake ya kurekodia. Begi likatolewa kwenye korido. Wanakwaya wakawa wanawekea makoti yao juu yake.

"Halikuwashwa?" nikauliza.

"Halikuwashwa. Nikamwambia, sasa bila amplifaya? Akanijibu kwamba hapo kwake besi zote zinarekodiwa hivyo hivyo, iwe mpya iwe ya zamani. Anachotaka ni mkono."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mihogo ikanidondoka, halafu nikasikia kile kicheko kinageuka na nikainama kuiokota ili asinione. Kiangazi kizima! Tumegawana kanisa, baba kafukia mizizi, mimi nimekatazwa meza ya Bwana, kwa ajili ya maboksi mawili ambayo yule mtu asingeyatazama hata yakipelekwa yote. Alihitaji mtu wa kupiga. Na mtu wa kupiga alikuwa Nsemulwa anapukuchua mahindi.

"Na mkono wako ulikuwaje?" nikamwuliza, na nilikusudia imchome.

Akatazama chini. "Akaniambia punguza. Nikapunguza. Akasema punguza tena. Ule mteremko wa wimbo wa mavuno nimeuruka, nimeshika noti moja mpaka mbele. Kule hakuna pa kujificha." Akaliegemeza gitaa ukutani. "Baba hajui kwamba nimekuletea hili. Nataka unionyeshe ule mteremko."

Nikamwambia aondoke. Gitaa akaliacha.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimemwonyesha. Ana vidole vya polepole, lakini anasikiliza, na kumchukia mtu anayesikiliza ni kazi ngumu. Kwenye Kabati akapiga noti ya chini, akaitazama miguu yake. Mimi nikamwambia habari za ile noti niliyokuwa naiparaza. Yeye ndiye wa kwanza kumwambia.

Jumapili, 8 Septemba

Kaseti imefika. Sauda ameweka kopi dukani na kuipiga kwa redio yake kubwa mlangoni, na watu waliotoka ibadani wamesimama kusikiliza. Nilikuwa ndani napima chumvi. Kwaya inasikika vizuri, nitakuwa mwongo nikikataa. Besi zipo. Ni zangu zote, zimevuliwa nguo. Mahali pa mteremko pana noti moja, imesimama tu inasubiri wenzake.

Ndipo nikasikia sauti ya baba nje. "Nyamazeni, nyamazeni. Mnasikia hiyo? Huyo Kabula. Binti yangu huyo anapiga!"

Nikatoka na kipimo cha chumvi mkononi. Amesimama katikati ya watu, kofia kaivua, uso unang'aa. Watu wanatazamana, kila mmoja anajua nani alikwenda Mwanza na nani hakwenda. Hata yeye anajua! Alisikia honi ya treni akiwa nami uani.

"Baba, siyo mimi."

"Ni wewe, mayu. Mimi sikujui?"

"Mimi sikwenda Mwanza! Ni Nashon! Ni Nashon, ni Nashon, ni Nashon!" Nilipiga kelele mpaka mlango wa kanisa ukafunguliwa. Chumvi yote imemwagika.

Akavaa kofia yake. "Kumbe," akasema. "Mbona ni wewe kabisa."

Marudi hayajaniuma hivi. Mzee Manyanda kunicheka hakukuniuma hivi. Mtu aliyefukia dawa kwa ajili yangu, aliyekubali aibu mbele ya kanisa zima kwa ajili yangu, hajui ninavyosikika.

Jumatano, 11 Septemba

Nilimtuma Nashon alete Begi. Amelileta kwa baiskeli, kalifunga kwenye keria, na hilo Kabati haliwezi, nakiri. Saa kumi na mbili jioni, umeme ulipotulia, tukakaa stoo kwa Sauda kati ya marobota ya khanga. Kabati huku, Begi huku. Nikamleta baba, nikamketisha kwenye gunia.

"Baba, Jumapili zote ulikuwa unanitazama. Hukuwa unanisikiliza. Geuka ukutani."

Nilitegemea atanifokea. Ni mzee, na mimi nilisema kwa ukali mbele ya Nashon na Sauda. Akageuza gunia akatazama ukuta.

Nikapiga wimbo wa mavuno, sehemu ya mteremko tu, kwenye Kabati. Nikampa Nashon gitaa akapiga sehemu hiyo hiyo, Kabati hilo hilo. Kisha Begi, yeye, halafu mimi.

"Mimi ni yupi?"

"Wa kwanza na... wa tatu."

Wa tatu alikuwa Nashon. Tukabadilisha. Akakosea. Tukabadilisha, akakosea tena, na safari hii alichanganya mpaka amplifaya zenyewe. Sauda akaanza kusema si kitu, mzee wa watu, masikio ya uzee. Nikamwambia anyamaze. Nikaweka gitaa chini nikasema kila kitu. Nikasema sitaki dawa, sitaki vigelegele, sitaki mtu wa kunishangilia kwa kuwa mimi ni wa Machibya. Nikasema nimepiga miaka yote hii na hakuna hata mtu mmoja, hata yeye, anayeweza kunitambua gizani. Nashon aliangalia viatu vyake. Nilimaliza nikiwa sina pumzi, nikanyoosha mkono kuzima Kabati.

Baba hakugeuka. Alikuwa bado anatazama ukuta, mikono juu ya fimbo.

"Acha, usizime," akasema. "Sijakujua bado. Rudia."